Makabati membamba ya kanda, CD, DVD na santuri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa ndugu, majirani na wageni wanaoingia sebuleni kwangu, wakakuta ukuta mzima umejaa DVD na bado mtu anapita na sinia la chai bila kugusa kitu. Wengi wao wana mzigo kama wangu: kanda za taarabu za mama, santuri za marehemu baba, VCD na DVD za Bongo Movie, CD za dansi, na vyote hivyo vinatakiwa vikae kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Mimi si seremala. Nimekosea mara tatu kabla ya kupata kabati nililonalo sasa, na makosa hayo ndiyo yanayojibu hapa.

Nianzie wapi, dukani au kwa fundi?

Anzia sakafuni. Toa kila kitu kwenye maboksi, mifuko ya rambo na masanduku ya chini ya kitanda, kisha utenge kwa ukubwa: kanda za kaseti peke yake, CD peke yake, DVD na kanda za video za VHS pamoja, santuri pembeni. Usitenge kwa msanii wala kwa aina ya muziki, hayo yatakuja baadaye. Halafu hesabu. Mtu anayekwambia "ninazo kama mia hivi" akihesabu anakuta 340, na kabati la vitu 100 likishafika nyumbani hairudishwi pesa.

Vipimo halisi vya vitu hivi ni vipi?

Kasha la kawaida la CD lina upana wa sentimita 14.2, urefu wa kwenda juu 12.5 na unene wa sentimita 1 na kidogo. Kasha la DVD lina urefu wa 19, upana wa 13.5 na unene wa karibu 1.5. Kanda ya VHS ikiwa ndani ya jalada lake la karatasi ina urefu wa karibu 19 na upana wa 10.5, lakini ni nene, 2.5 hadi 2.7. Kanda ndogo ya kaseti, ile iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ikiwa ndani ya kasha lake ina urefu wa 11, upana wa 7 na unene wa 1.7. Jalada la santuri kubwa ya LP ni mraba wa sentimita 31.5. La santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande, ni kama 18.5.

Angalia tena namba hizo utaona jambo moja. Ukiacha santuri, hakuna hata kimoja kinachozidi sentimita 14.2 kwenda ndani.

Kwa nini unasisitiza sana kina cha kabati?

Kwa sababu ndicho kinachoiba chumba. Makabati mengi yanayouzwa tayari yana kina cha sentimita 30 hadi 45, kwa kuwa yamebuniwa kwa vyombo, nguo au televisheni. Kabati langu la kwanza lilikuwa na kina cha 40. Nikapanga DVD safu ya mbele, nikaona nafasi imebaki nyuma, nikapanga safu ya pili, na bado kulikuwa na uwazi wa vumbi. Safu ya nyuma sikuiona tena kwa miaka miwili. Siku ya kuhama nikakuta filamu moja nimeinunua mara mbili: moja mbele, moja nyuma yake, zinatazamana mgongoni kama majirani waliogombana.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kabati lenye upana wa 84 na kina cha 40 linakalia eneo la sentimita za mraba 3,360 za sakafu. Lenye upana huohuo na kina cha 15 linakalia 1,260. Sebule ya nyumba ya kupanga ukiongeza sentimita 25 kwenye ujia, unaweza kufungua mlango wa chumbani hadi mwisho. Kwangu ilikuwa ndiyo tofauti kati ya kupita mbelembele na kupita ubavuubavu.

Nitajuaje nahitaji shelfu ngapi?

Zidisha idadi kwa unene, kisha gawa kwa upana wa ndani wa shelfu. Tuseme una DVD 300. Mara 1.5 ni sentimita 450. Shelfu ya sentimita 80 inabeba DVD 53, kwa hiyo shelfu 6 zinakupa nafasi ya 318. CD huingia 76 kwenye shelfu hiyohiyo, kanda za kaseti 47, VHS kama 29 tu. VHS ndizo zinazotia hasara. Nyingine nimezitoa baada ya kuzinakili.

Kwenda juu, ongeza sentimita 2 hadi 2.5 za kuingiza kidole. Bila hizo utakuwa unachomoa DVD kwa ukucha.

Acha nafasi ya kukua, lakini usijidanganye. Mtu anayenunua CD mbili kwa mwaka hahitaji shelfu tatu tupu. Zitajaa chaja, dawa za kikohozi na risiti za umeme.

Fundi atakubali kutengeneza kabati jembamba hivyo?

Atakubali, ila atakucheka kwanza. Nilikwenda Keko, pale Dar es Salaam ambapo samani zinatengenezwa barabarani mtu akiona, nikamwambia fundi nataka kina cha sentimita 15. Akauweka chini ule msasa wake.

"Bosi, hilo ni kabati au fremu ya dirisha?"

"Ni la DVD, fundi. Nimekuja nayo moja, pima."

Akaipima. Akaipima tena kwa ubavu. "Sasa hawa wengine wote wanaokuja kutaka arobaini, wanaweka nini humo nyuma?"

Nenda na kitu chenyewe mkononi. Maelezo ya mdomo hugeuka njiani, lakini DVD ikikaa juu ya meza ya fundi haibishaniwi.

Ubao mmoja unatoa kabati ngapi?

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ubao wa kiwandani wa futi 8 kwa 4 una milimita 2,440 kwa 1,220. Ukiupasua kwa urefu kuwa vipande vya sentimita 15, kwa macho unaona vipande 8, kwa sababu 8 mara 15 ni 120 na ubao una 122. Lakini msumeno wa mashine unakula kama milimita 3 kila unapopita, na kupata vipande 8 unapita mara 7. Hiyo ni milimita 21. Jumla inakuwa 1,221, na ubao una 1,220. Umekosa kwa milimita moja, na kipande cha nane kinatoka kimepinda au kimeliwa pembeni. Mwambie akate 14.8. DVD inatosha, CD yenye 14.2 inatosha, na vipande vyote 8 vinapatikana.

Sasa kabati lenyewe: mbavu mbili za sentimita 150, na mbao 7 za kulala za sentimita 80, yaani sakafu, dari na shelfu 5 katikati, zinazokupa vyumba 6 vya DVD. Kipande cha kwanza kinatoa ubavu mmoja na ubao mmoja wa kulala. Cha pili vivyo hivyo. Zimebaki mbao 5 za kulala: kipande cha tatu kinatoa 3, cha nne kinatoa 2. Umetumia vipande 4, nusu ya ubao. Ubao mmoja unatoa makabati mawili kamili, DVD zaidi ya 600.

Kwenda juu nako kunakaa sawa. Vyumba 6 vya sentimita 21.5 ni 129, mbao 7 za unene wa milimita 18 ni 12.6, jumla 141.6. Zinabaki sentimita 8 na ushee za kuliinua kabati kutoka sakafuni, ambazo unazihitaji kwa ajili ya kudeki. Nyuma piga hadibodi nyembamba, usiache wazi. Nitaeleza sababu kwenye kuunganisha.

MDF, chipbodi, plaiwudi au mbao halisi?

Kwa DVD na CD, plaiwudi ya milimita 18 ndiyo chaguo langu. Inashika skrubu, haivimbi haraka, na ukihama nayo mara tatu bado inafungika. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ni laini na inapakwa rangi vizuri sana, ila ni nzito: ubao mzima wa milimita 18 unafika karibu kilo 40, na skrubu ikiingizwa ukingoni bila kutoboa tundu kwanza, ubao unapasuka kama mkate. Chipbodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ni ya bei rahisi na ndiyo iliyomo kwenye makabati mengi ya boksi, yale unayoyaunganisha mwenyewe nyumbani. Adui yake ni maji. Kingo zake zikiwa wazi hunywa maji ya kudekia, zikavimba, na zikishavimba hazirudi. Ukinunua ya chipbodi, kagua kingo zote, hasa za chini, kama zimefunikwa.

Mninga na mkongo ni mbao nzuri mno, na kwa kanda za kaseti ni kumtandikia kuku zulia. Kama una mabaki ya mninga kwa fundi, yaombe kwa ajili ya kingo za mbele tu. Yanapendeza.

Na santuri? Naweza kuziweka kwenye kabati hilohilo?

Hapana. Santuri ni habari nyingine kabisa, na kosa langu la pili lilikuwa hapo.

Mita moja ya LP zilizosimama inakaribia kilo 50. Mita moja ya CD ni kama kilo 10. Shelfu iliyovumilia CD miaka kumi itapinda kwa LP kabla ya masika kwisha. Yangu ilikuwa na urefu wa sentimita 90, chipbodi, nikaijaza. Miezi minne baadaye katikati imebonyea kama machela, na majalada ya pembeni yanaegemeana.

Kanuni ya kupinda ni kali kuliko watu wanavyodhani. Ukiongeza urefu wa shelfu mara mbili, na ukaijaza vilevile mwanzo hadi mwisho, haipindi mara mbili. Inapinda mara 16. Ukiongeza unene mara mbili, kupinda kunapungua mara 8. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kufupisha: vyumba vya upana usiozidi sentimita 40, kwenda juu 33, kina 32 au zaidi kidogo, mbao ya milimita 18 na zaidi. Vyumba vifupi vina faida ya pili, santuri hazipati nafasi ya kulala upande. Santuri isimame wima. Ikiegemea kwa miezi kwenye joto la pwani, inapinda, na iliyopinda unaiona sindano ikipanda na kushuka kama ngalawa.

LP ziweke chini kabisa. Uzito ukiwa chini kabati haliyumbi.

Santuri ndogo zina kero yake: kwenye shelfu ya DVD zinaingia kwenda juu, lakini kwa kina cha 14.8 zinachungulia nje karibu sentimita 4. Ukiwa nazo nyingi, fanya kabati moja lenye kina cha 20. Na kama umerithi zile za kale za mizunguko 78 kwa dakika, za kizazi alichorekodia Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, zipe chumba chake. Hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, na huvunjika kama sahani. Usizirundike, na usizichanganye na za kipenyo kingine, maana kubwa hukandamiza ndogo.

Nyumba yangu haina ukuta mtupu. Niweke wapi?

Ukuta upo, hujautazama vizuri.

Nyuma ya mlango. Mlango ukifunguka hadi mwisho huacha mwanya kati yake na ukuta, na kitasa ndicho kinachoamua ni sentimita ngapi. Kanda za kaseti zinahitaji kina cha sentimita 8 tu. Mwanya wa 10 unabeba kabati la kanda kutoka sakafuni hadi juu, na mgeni hajui kama lipo hadi ufunge mlango.

Juu ya mlango, kati ya fremu na dari, kuna ukanda ambao nyumba nyingi hauna kazi. Hapo weka vile unavyovitafuta mara moja kwa mwaka.

Uvungu wa kitanda unafaa kwa CD na DVD zilizosimama ndani ya sanduku la chini lenye magurudumu, migongo ikitazama juu. Pima uvungu kwanza, na kumbuka godoro huliinamisha chaga katikati. Usiweke kanda za sumaku wala santuri uvunguni kama sakafu inatoa unyevu.

Ujia ndio hazina. Ujia wa sentimita 100 ukitoa 15 bado watu wanapishana.

Wazee wa pwani walilijua hili zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu, kuta nene za matumbawe zilichongewa vidaka, safu juu ya safu, vikawekwa vyombo vya kauri na vitabu, na hakuna hata kimoja kilichochukua sakafu. Kuta zetu za tofali za saruji za inchi 6 hazichongeki hivyo, usijaribu, mwenye nyumba atakufukuza na ukuta utakufuata. Ila wazo ni lilelile: kitu kikae ndani ya unene wa ukuta, au karibu na hapo.

Lazima nilifunge ukutani?

Ndiyo. Kabati la urefu wa 150 na kina cha 15 ni refu mara kumi ya unyayo wake. Mtoto akining'inia shelfu ya tatu, linamwangukia. Hapa sina mjadala.

Toboa tundu la milimita 8 kwa drili, ingiza kile kiplastiki cha kushikia skrubu, kisha funga kipande cha chuma chenye umbo la L kati ya ukuta na ubao wa juu wa kabati, viwili, kila upande kimoja. Toboa kwenye tofali, si kwenye mstari wa udongo wa saruji unaounga tofali, kwa sababu pale panamumunyuka. Kabla ya kutoboa, tazama swichi na soketi ziko wapi. Kwa kawaida waya hupanda au kushuka wima kutoka kwazo. Kama ukuta ni wa jipsamu, gongagonga hadi upate penye sauti nzito, hapo nyuma kuna mhimili. Skrubu iliyofungwa kwenye jipsamu tupu ni pambo.

Mwenye nyumba hataki matundu. Nifanyeje?

Muombe kwa adabu na umweleze matundu ni mawili na utayaziba kwa saruji na rangi siku ya kuhama. Wengi hukubali wakiona umekuja kabla na si baada. Akikataa kabisa, fanya kabati fupi lisilozidi sentimita 80, upana wowote, na weka vitabu vizito shelfu ya chini. Au unganisha makabati mawili membamba migongo kwa migongo yawe kizuizi kati ya sebule na sehemu ya kulia. Unyayo unakuwa 30, linasimama vizuri zaidi, na DVD unazipata pande zote mbili. Hata hapo, urefu usizidi 120.

Nimenunua kabati la boksi. Naliunganishaje bila kugombana na mtu?

Tandika shuka au lile boksi lenyewe sakafuni, usikwaruze mbao. Mimina skrubu kwenye bakuli, kila aina bakuli lake, na uzihesabu kwa karatasi ya maelekezo kabla ya kufunga hata moja. Zikipungua unarudi dukani na boksi zima. Ukishafunga nusu, una mzigo.

Kisha weka mbao zote chini na utafute ukingo ulio laini wenye rangi. Huo unatazama mbele, kila ubao. Nimeshuhudia shemeji yangu akimaliza kabati zuri, akalisimamisha, na shelfu ya tatu inaonyesha chipbodi kama jino lililong'oka. Akalifungua lote.

Vile vijiti vidogo vya mbao vinashika mahali, havibebi uzito. Vitie gundi tu kama una uhakika hutahama. Vile vichuma vya mviringo vinavyozungushwa kwa bisibisi vina mshale: mshale utazame tundu linakoingia skrubu, halafu zungusha nusu tu, ukisikia kimekaza acha. Tumia bisibisi ya mkono. Drili ya umeme inazungusha hadi chipbodi inageuka unga, na tundu lililogeuka unga halishiki tena. Likishaharibika, jaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, subiri hadi kesho, funga upya.

Usikaze kitu chochote hadi mwisho kabla fremu yote haijasimama. Funga kilegevu, zote, kisha kaza kwa kuzunguka.

Sasa ule ubao wa nyuma. Watu wanauona kama pambo, wengine wanautupa. Huo ndio unaolizuia kabati lisilale upande kama mlevi. Kabla ya kuupigilia, laza kabati kifudifudi na pima kutoka kona hadi kona, mshazari wa kwanza na wa pili. Vikilingana, kona zote za kabati ni pembe mraba. Kwa lile la plaiwudi nililolieleza, lenye 150 kwa 83.6, kila mshazari unasoma sentimita 171.7. Ukikuta 172.5 huku na 171 kule, sukuma kona ile ndefu kwa kiganja hadi zilingane, ndipo upige misumari. Misumari midogo, kila sentimita 15, na usiiegemeze. Ikitokea ndani ya shelfu itakwaruza majalada.

Mwisho, pimamaji. Sakafu zetu nyingi zina mteremko wa kutoa maji. Kunja karatasi ngumu chini ya kona iliyoshuka.

Niko Ulaya na hapa kila mtu ana Billy, lile kabati la vitabu la duka la IKEA. Inafaa?

Billy imekuwepo tangu 1979 na ile ya kawaida ina kina cha sentimita 28 na upana wa 80. Kwa DVD ni kina mno na kwa LP hakitoshi, jalada litachungulia. Ukiwa nayo tayari, tengeneza ngazi: weka kipande cha mbao chenye urefu wa kwenda juu wa sentimita 10 nyuma, safu ya nyuma ipande juu yake, na migongo yake isomeke juu ya safu ya mbele. Fungia ukutani; kishikizo kimo ndani ya boksi, skrubu za ukutani hazimo.

Unyevu wa pwani na mchwa?

Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, ukungu huanzia kwenye karatasi: majalada ya santuri, vijitabu vya CD, kisha kanda za VHS zinaota unga mweupe pembeni. Usibane kabati kwenye ukuta wa nje. Acha sentimita 3 hewa ipite. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, vikusanye uviweke kwenye kona. Masika yakiisha, chagua siku ya jua, fungua madirisha, toa vitu shelfu moja moja, futa kwa kitambaa kikavu. Vitu vyenyewe usivianike juani. Jua linapindisha santuri na linafifisha diski zile za kuchoma nyumbani.

Mchwa hupanda kwa njia ya udongo. Kama kabati limeinuliwa sentimita 8, utaiona njia yao. Kabati lililokaa sakafuni utawajua siku ubao unapobonyea.

Spika zikae juu ya kabati?

Zisikae karibu na kanda za kaseti na VHS. Spika ina sumaku na kanda imeandikwa kwa sumaku. CD, DVD na santuri hazina shida hiyo, ila mtikisiko wa besi unaifanya sindano iruke.

Nikitoa diski kwenye makasha nikaweka kwenye begi lenye mifuko, si ndiyo naokoa nafasi zaidi?

Ndiyo, sana. Diski 100 zinakuwa unene wa kitabu kikubwa. Nimefanya hivyo kwa VCD zote, kwa kuwa makasha yake mengi yalikuwa yamepasuka. Ila angalia mifuko yenyewe: ile ya plastiki laini inayonata na kunukia kama pazia la bafuni ikipata joto hung'ang'ania diski, na unapoichomoa inaacha alama. Tafuta yenye kitambaa upande mmoja. Karatasi za majalada zitie kwenye faili, usizitupe. Siku ukitaka kumpa mtu, atauliza jalada. Kuna pia makasha membamba ya CD yenye unene wa nusu sentimita, yanaokoa nusu ya shelfu, lakini hayana mgongo wa kuandika jina. Utakuwa unatafuta kwa kupapasa.

Si bora nikahamishia kila kitu kwenye hard disk ya kompyuta?

Hamishia, hasa kanda, maana ndizo zinazokufa kwanza. DVD ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7, kwa hiyo 300 zinaomba kama terabaiti moja na nusu. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Mimi nimehamishia na kabati bado lipo. Mama hawezi kuifungua folda, lakini anaujua mgongo wa kanda anayoitaka, wa kijani, shelfu ya pili, karibu na mwisho.

Milango ya kioo?

Inazuia vumbi na inaongeza gharama na kina cha kabati. Pazia jepesi la khanga juu ya uzi linafanya kazi hiyohiyo.

Nimemaliza, zimebaki skrubu mbili. Kuna tatizo?

Inategemea. Kama zinafanana na zile za miguu au za kufungia ukutani, umesahau, rudi. Kama zinafanana na zile ndogo za bawaba, pengine kiwanda kimetia za akiba. Liegemee kabati kwa bega, polepole. Likitikisika upande kwa upande, tatizo liko kwenye ubao wa nyuma. Likinyamaza, zibandike hizo mbili kwa selotepu ndani ya ubavu, juu kabisa, nyuma ya safu ya kwanza. Siku ya kuhama utazihitaji.